Pazia Alilobandika Mama Yako

Sayoko,

Wali uko kwenye sufuria ya umeme. Supu ya miso ipashe moto tu, isichemke. Kamera niliyoifungua hapa mezani msiiguse, wala dirisha msifungue. Vumbi likiingia, imekwisha.

Mumeo Teruo aliiacha dirishani bila kifuniko cha lenzi, ikalikodolea jua, na jua likatoboa pazia la ndani. Asubuhi ananiambia, "Baba, si kitambaa tu? Weka kingine." Kitambaa tu! Hariri iliyopakwa mpira, inayopita mbele ya filamu kufumba na kufumbua!

~~Nimekwenda kununua pazia jipya.~~

Nilipoifungua niliona gundi imepakwa na mtu wa mkono wa kushoto. Katika kiwanda chetu cha kamera aliyetumia kushoto alikuwa mama yako peke yake. Msimamizi alimgombeza kwa hilo mpaka mwenyewe akakoma, maana mapazia yake hayakukwama kamwe. Yeye alibandika, mimi nikakaza springi, meza kwa meza, kabla hatujathubutu hata kusalimiana.

Nimekwenda kwa fundi Kinoshita kuomba tone la rangi nyeusi nizibe tundu. Pazia la mama yako halitolewi.

Mwambie Teruo jioni achane nywele. Picha ya kwanza ni yake.

Baba