Msumari wa Sebuleni

Kaka yangu mpendwa,

Cherehani yangu imepona, Mama hajambo, na fomu ya mtihani uliyonitumia imefika. Hiyo ni ya nne. Nimeitumia kukatia kola.

Kaka, nimechoka. Kila mgeni akiingia sebuleni anatazama picha zenu ninyi wakubwa wangu mmevaa majoho ya mahafali, halafu anatazama msumari mtupu uliopigilia wewe mwenyewe ukisema ni wangu. Miaka sita mnanisubiri kama vile sijazaliwa.

Sikukwambia, lakini nilipofeli mara ya tatu nilishinda kanisani nikilia, mpaka mfagiaji akaniomba niinue miguu apige deki. Hakuna aliyeniuliza nimepata ngapi. Kwa Mungu mimi ni mtoto wa nyumbani, nimefeli au nimefaulu.

Jana nilitundika cheti changu cha ubatizo kwenye msumari wako. Mama akavaa miwani, akauliza kina alama gani.

“Hakina alama, Mama. Nilipewa kabla sijajua kushika kalamu.”

Akakitazama sana, kisha akakinyoosha, maana kilikuwa kimepinda.

Basi usitume fomu nyingine. Msumari una mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
fundi cherehani