Wakishakuwa Wengi

Kakese, Mpanda

Mwanangu Elias,

Huku mahindi yamekomaa, na mama yako mkubwa Gaudensia anaona vizuri tangu atibiwe macho. Mdogo wako Amosi yu hai, ila amekatwa mguu.

Ng'ombe wa Ng'washi, yule mfugaji jirani yetu, waliingia shambani kwa Amosi. Amosi akamkata mmoja mshipa wa mguu wa nyuma. Kijana wa Ng'washi naye akampasua Amosi paja kwa panga mpaka mfupa ukaonekana. Ng'washi mwenyewe ndiye aliyelifunga jeraha kwa shuka lake na kumkimbiza hospitali kwa pikipiki. Jeraha lilitulia, tukashukuru, kisha ghafla likaoza, ndipo madaktari wakaukata mguu.

Unajua nilifundisha baiolojia. Bakteria wakiwa wachache jerahani hukaa kimya. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo, na wote huipima. Ikizidi, wanajua wamekuwa wengi. Hapo jeni za kutengeneza sumu huwashwa kwa pamoja, na nyama inaliwa.

Jana vijana wa hapa kijijini walikuwa nyumbani kwa mwenzao Stanslaus wakinoa mapanga.

"Mwalimu, bado tuko wachache," Stanslaus akaniambia huku akicheka. "Elias akifika na wavuvi wenzake wa Kapalamsenga, tunamchoma Ng'washi na watoto wake humo humo ndani."

Wanakuhesabu wewe, mwanangu. Usije. Hata kumwona mdogo wako, usije sasa.

Amosi anakuulizia kila asubuhi. Nimemwambia barabara imekatika.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Hilari