Hita Inayosema E3

Jumatatu asubuhi

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Huku tu wazima, na Bibi anasema usisahau dawa.

Babu, wewe fundi mstaafu, nakuandikia barua pepe haraka maana nimekwama! Hita ya bwawa la mazoezi imegoma tangu jana. Kioo chake kinaandika E3. Nikiizima na kuiwasha, inanguruma kidogo, kisha E3 tena. Meneja amesema maji yasipopata joto ifikapo Ijumaa, darasa la waliopata kiharusi litafungwa mpaka msimu ujao. Na juzi tu mguu wa kushoto wa Bibi ulianza kunyanyuka ndani ya maji! Fundi mwenzangu anataka kuunganisha nyaya za swichi ili hita iwake kwa lazima. Nimkubalie?

Mjukuu wako, fundi wa bwawa

Jumatatu jioni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika lakini unatembea.

Mwambie mwenzako aweke koleo chini! Swichi hiyo ndiyo inayozuia moto usiwake kama maji hayapiti. Mkiiruka, hita itajichemsha tumbo mpaka mabomba yayeyuke.

Na wewe acha kuizima na kuiwasha. Unamziba mgonjwa mdomo kila anapotaja panapouma. Fungua kitabu cha mwongozo, maana kila kampuni ina alama zake. Nadhani E3 yenu ni “maji hayapiti”. Lakini sikiliza vizuri: alama inakwambia hita imehisi nini, haikwambii kilichoharibika ni nini. Huenda maji yamezuiwa kweli, na chujio, vali za kufungulia maji au kikapu cha pampu kinachonasa uchafu. Huenda yanapita, ila hita haijui. Anza na maji, umeme baadaye. Kisha shika bomba, uniandikie mkono umesikia nini.

Babu yako

Jumanne mchana

Babu, shikamoo. Umeamkaje?

Mwongozo umesema vilevile: maji hayapiti! Vali ziko wazi. Chujio nimeliosha. Kikapu cha pampu kina ufa, ila hakijaziba. Nikashika bomba: linatetemeka kama basi bovu! Maji yanapita kwa nguvu na E3 iko palepale. Mwenzangu ananicheka, “Mwambie babu yako aje aipulize.” Bibi naye anauliza kwa nini hatuendi mazoezini. Nimjibu nini?

Mjukuu wako

Jumanne jioni

Marahaba, mama. Nimeinuka kitini kwa furaha!

Maji yanapita, hita inakana. Basi shahidi ndiye mwongo. Ndani ya bomba, chini ya swichi, kuna kijilimi kama cha kengele. Maji yakikisukuma, swichi inaiambia hita, “Washa.” Kikikwama, hata upitishe mto mzima, hita haitaamini. Na ufa wa kikapu usiudharau, ndio mlango wa uchafu. Kata umeme, zima pampu, funga vali, ndipo ufungue swichi taratibu. Tazama nini kimeshika kijilimi.

Bibi mwambie babu yuko kazini.

Babu yako

Jumatano

BABU! Shikamoo! Sufu! Nyuzi za sufu ya njano zilikuwa zimekikaba kijilimi kabisa! Nimezitoa, nimeweka kikapu kipya, nimewasha. E3 imepotea, moto umeshika! Mwenzangu ameniomba nimfundishe.

Sasa, sufu hiyo unaijua. Ni soksi ulizomfumia Bibi. Kumbe huingia nazo majini kwa siri, eti sakafu inateleza, na wiki iliyopita alitoka na moja tu, nyingine ikanyonywa na pampu. Nilipomwonyesha nyuzi akasema, “Mke mwenzangu, nyamaza. Usimwambie mume wetu.”

Mjukuu wako mwenye mdomo mwepesi

Ijumaa

Babu, shikamoo.

Maji yalikuwa ya joto na darasa limefanyika! Bibi ameachia chuma cha kushikilia pembeni, Babu. Ameachia! Amevuka upana wote wa bwawa kwa miguu yake. Meneja alipiga makofi akasahau ameshika simu, ikaingia majini. Bibi akamwambia, “Usijali, mjukuu wangu ataitengeneza.” Anakuita uje umwone kabla hajaanza kukimbia.

Mjukuu wako

Jumamosi

Wapenzi wangu wawili,

Marahaba. Nimeisoma barua pepe yenu mpaka mgongo umesahau kuuma. Mkoba nimeshafunga. Mwambie mshtakiwa namletea viatu vya mpira vya kuingilia majini, sufu marufuku.

Usinijibu. Nitakuwa njiani, na jibu lenyewe nataka nilione likitembea.

Mume wenu,
Babu