Dawa ya Dublin

Tottenham, London
14 Machi 1998

Dada Serah mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila mafua. Na binti yangu Shiro, kikohozi kiliisha? Mwambie chumba chake nimekipaka rangi ya waridi.

Basi nilikuwa Dublin! Fintan, Mwairishi ninayesafisha naye treni, alinivuta kwao wikendi, na kwa vile sasa nina pasipoti ya hapa, nikasema twende. Melini watu walitapika njia nzima. Lakini mji, dada, ni mzuri! Tulitembea kando ya mto wao, maji meusi ti, kisha tukaingia jela ya zamani ambayo siku hizi watu hulipa kuingia. Nikamwambia Fintan kwetu watu hulipa watoke.

Mvua ikatunyeshea hadi soksi. Jioni tukaenda baa ya mama yake. Usinune kwanza! Baa ya kule ni kama sebule: wazee wanapiga fidla, watoto wamekaa chini, kila mtu ananunulia wenzake raundi. Waliimba wimbo wa watu walioacha kwao, nikalia mbele za watu. Nilishika soda yangu, kama nilivyokuapia. Ila nilikuwa natetemeka, nikamweleza yule mama ile dawa yetu ya limau na asali. Akasema hata wao wanayo. Akaleta glasi ya moto, limau, karafuu, harufu ya jikoni kwa Mama kabisa. Ndani yake mlikuwa na kitu kingine kinachochoma koo, sikuuliza. Nikaomba ya pili.

Ndugu yako,
Jotham

Nakuru
2 Aprili 1998

Ndugu yangu Jotham,

Tuko salama, na Shiro hakohoi tena. Wewe je, kifua?

Jamani, baa! Moyo ulinilipuka, mpaka nilipofika kwenye soda. Nakukumbusha tena: Shiro nimemlea tangu mama yake afariki, na siku ukirudia chupa hatoki hapa. Pombe ilimmaliza Baba yetu, Guka wa Shiro, humu ndani tukitazama. Sitampeleka mtoto akaone hayo tena. Lakini tangu tumzike hujaonja, nami najivunia kila nikienda kanisani.

Hiyo dawa itumie vizuri. Nakujua, ukipata nafuu kidogo unaacha dozi njiani. Kunywa mpaka iishe, umenisikia?

Dada yako,
Serah

Tottenham
30 Mei 1998

Dada,

Salamu. Kifua bado. Dawa nimeipata duka la hapa pembeni, naitengeneza mwenyewe. Limau nimeacha kuweka, linaniuma tumbo. Nakunywa nikitoka kazini, na kabla ya kwenda. Fintan ananiambia nipunguze, utadhani yeye ni daktari! Umeniambia nisikatize dozi, sikatizi.

Kazi ya treni wamenipumzisha kidogo, usijali. Anastasia, yule nesi wa Hayes, akirudi Julai kutoka likizo huko kwetu, aje na Shiro. Nitafika Heathrow kabla ndege haijatua.

Jotham

Nakuru
20 Juni 1998

Ndugu yangu,

Natumai hujambo. Tiketi ya mtoto imekatwa. Mwandiko wako wa mara hii sikuupenda. Nenda hospitali, tafadhali. Na ni dawa gani hiyo isiyo na limau? Nijibu kabla hawajaondoka.

Dada yako,
Serah

Nakuru
29 Julai 1998

Jotham,

Leo sikuulizi hali. Anastasia amenipigia simu, kisha akampa Shiro. Anastasia anasema ulikuja wenye mizigo wote wameshaondoka, umeshika ukuta. Ukamkumbatia mtoto, ukamwambia, “Pole mama, Baba alikuwa anakunywa dawa.” Halafu mtoto akaniambia, “Tata, dawa ya Baba inanuka kama Guka.”

Barua zako nimezisoma upya. Nami mjinga nikakuambia unywe mpaka iishe! Nimekukasirikia, nimejikasirikia, sijui nianzie wapi.

Anastasia alikataa kukuachia mtoto, na nimemshukuru. Jumamosi ya tarehe 15 Agosti anarudi kwangu. Usiende uwanja wa ndege. Nakupenda, lakini usiende.

Shiro anaamini u mgonjwa, na sikumrekebisha. Sweta niliyokufumia amemwachia Anastasia, uvae ukipona. Ameniuliza dozi yako inaisha lini. Mjibu wewe.

Dada yako,
Serah