Kazi Yangu ya Kushika Gia

Jumamosi. Asubuhi manyunyu, mchana jua limechoma kama vile halikuona kilichotokea. Sasa ni alasiri, nimekaa uani kwetu Mbagala, bega la kulia limepakwa dawa ya kuchua, naandika kwa kidole cha kushoto. Herufi zikikimbia mnisamehe. Shule mie niliishia darasa la nne, na ukurasa huu alinifungulia binti yangu Zuhura baada ya kuchoshwa na sauti ndefu ninazomtumia kwenye simu.

Leo nina la kuungama.

Mnaonisoma siku zote mnamjua Bi Kizee, pikapu yetu. Kwa mgeni niseme tu kwamba ni gari la zamani, dereva ni Zuhura, mie hukaa kiti cha pembeni, na kazi yetu ni kuchukua nazi na mihogo Kimbiji kuleta sokoni Temeke. Injini inakula oili. Ila ugonjwa mkubwa ni gia namba mbili, inaruka. Kwenye mlima Zuhura akishaiingiza inachomoka yenyewe, gari linabaki linaunguruma haliendi. Basi yeye huita "Shika, Mama!" na mie naikamata kwa mikono miwili, goti nalo linasaidia, mpaka tufike juu.

Miaka minne nimeshika. Kiganja kimeota sugu. Jirani yetu Mama Pili ananiita konda wa gia. Hata mkanda wa kiti changu tulishaukata zamani tukaufanya kamba ya turubai, maana mshika gia hawezi kukaa amefungwa.

Tangu mwaka juzi Zuhura anapanga kumfufua Bi Kizee. Anataka kutoa injini ya petroli na kupandisha ya dizeli, pamoja na gia boksi lake. Ana daftari kabisa, analichora-chora kila tukisubiri mzigo. Na mie nilikuwaga naitikia, "Ndiyo mwanangu, Mungu atajalia." Vya kusubiri ni rahisi kuitikia.

Jumatano Mungu akajalia.

Fundi Salumu wa Tandika, tuliyemuagiza atutafutie, alinipigia mie, kwa sababu simu ya Zuhura haikai na chaji. Akasema injini na gia boksi vimefika, vimetoka kwenye gari moja, vimezoeana. Amevipanga juu ya matairi, betri pembeni, dizeli kwenye kidumu. "Njooni muisikie ikiwaka, Mama Zuhura. Ila msichelewe, kuna mteja wa Kinondoni anaizungukia kama paka na samaki."

Nikamwambia tutakuja, inshallah. Nikakata simu. Zuhura aliporudi kutoka dukani nikamuuliza kama atakula wali au ugali.

Sikumwambia. Jumatano sikumwambia, Alhamisi sikumwambia, Ijumaa nimetoka kuswali na bado sikumwambia. Moyoni nilijitengenezea sababu nzuri: injini ya dizeli ina nguvu, mtoto atakwenda mbio, barabara ya Kimbiji haina huruma. Mama gani asiogope? Nikajiona nina busara kweli.

Leo tumetoka Kimbiji na nazi mpaka juu ya bodi. Kile kilima cha mchanga kilikuwa kimelowa. Zuhura akaingiza namba mbili, akaita, nikashika. Katikati ya kilima bega langu likalia ko! Mkono ukafa ganzi. Gia ikachomoka, injini ikapiga kelele ya bure, na Bi Kizee akaanza kurudi kinyumenyume.

Nyuma yetu kulikuwa na mwanamke anapanda kwa miguu, mtoto mgongoni.

Zuhura alisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili. Gari likaburuzika, likasimama. Nazi zikamwagika nyuma zikateremka kilima kama zimeachiwa kutoka shule, na yule mwanamke nikamuona kwenye kioo anaruka mtaroni.

Sijui nilishukaje. Nimemkuta amekaa kwenye majani, mtoto anacheka, yeye ananitolea macho.

"Nyie! Mnataka kunizika kwa nazi?"

Nikamshika miguu kumuomba radhi. Akaniambia niache kumshika miguu, nimshike mtoto yeye aokote kiatu chake. Kisha akatusaidia kukusanya nazi, analalamika mwanzo mwisho, na alipoondoka alikuwa na mbili kwapani. "Hizi ni za mshtuko wangu," akasema. Angeondoka na ishirini ningemtwika mwenyewe.

Tulipofika juu, kwa kusukumwa na watu, Zuhura akaegesha. Hakuzima injini, maana Bi Kizee ukimzima akiwa na moto hawaki mpaka apoe. Ikabidi nimwambie katikati ya ile kelele. Nikasema yote. Fundi, Jumatano, mteja wa Kinondoni.

"Tangu Jumatano, Mama?"

"Niliogopa utakwenda mbio."

Akaniangalia. Ana miaka thelathini na mbili lakini jicho lile ni la bibi yake. "Mama. Sema kweli."

Na ukweli ndio huu, nauandika usinikimbie. Gia ikikaa yenyewe, mie nitakuwa nakwenda Kimbiji kufanya nini? Dereva ana kazi. Nazi zina safari yake. Mie nitakuwa mzigo usiouzwa.

Nilimwambia hivyohivyo. Nilidhani atanionea huruma.

"Kwa hiyo niendelee kuendesha gari bovu ili wewe upate pa kuweka mkono? Na yule mtoto wa watu je?"

 

Akapiga simu kwa fundi. Nikasikia mwenyewe: mteja wa Kinondoni yuko palepale, anaisikiliza injini. Zuhura akafumba macho. Nikamnyang'anya simu. Nikasema, "Salumu mwanangu, habari niliikalia mie. Zuhura hakujua lolote. Usimuadhibu mtoto kwa kosa la mama yake."

Nyuma yake nikaisikia hiyo injini, inanguruma chini kwa chini, haikohoi. Halafu akacheka. "Haya. Namwambia huyu bwana kwamba binti ameshaposwa. Lakini posa ya maneno haikai, Mama Zuhura. Kesho saa tatu asubuhi niwaone hapa."

Nikarudisha simu. Zuhura hakusema ahsante, na haki yake. Alitoa daftari kwenye mfuko wa mlango wa gari akaniwekea mapajani. "Soma. Hujawahi hata kulifungua."

Ni kweli, sijawahi. Mwandiko wake ni mdogo na mie husoma kwa kidole. Nikasoma taratibu tukiteremka. Breki kwanza, kapigia mstari mara mbili, kabla hata ya injini. Kumbe naye anaogopa! Kisha injini na gia boksi, klachi mpya, rejeta kubwa zaidi kwa ajili ya vilima, kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari. Mengine sikuyaelewa. Chini kabisa, wino wake umeshafifia, si wa leo wala wa jana, kaandika: mkanda wa Mama.

Nikafunga daftari. Kanga yangu ilikuwa karibu, nikajifuta nikasingizia vumbi. Barabara imelowa, vumbi litoke wapi.

Pesa ya kumtangulizia fundi ipo, ndiyo tuliyoiweka siku zote kwa ajili hii. Kesho naamka na alfajiri, nipike chai, saa tatu isitukute njiani. Nikifika nataka niisikie ile injini kwa karibu, niweke na mkono juu yake. Na kilima kile, siku tutakayokipanda na gia boksi jipya, nitamtafuta yule mama wa nazi mbili tumpe lifti.

Kabla sijaanza kuandika niliingia ndani ya Bi Kizee, amesimama hapa uani, baridi. Nikakaa kiti changu, mikono nikaiweka mapajani nione inakuwaje. Imekaa kama wageni sebuleni, haijui ishike nini.

Wageni nao huzoea.