Maelezo ya Shahidi Kuhusu Tiketi Namba 1184

Komisariati ya polisi, Bunia. Jumatano, tarehe 17 Septemba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jina: Wivine Afoyorwoth. Umri: miaka 38. Kazi: fundi wa kompyuta katika kliniki. Makao: Rwambuzi, Bunia.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Muuguzi Régine yuko ndani hapa tangu jana, eti hakutoa habari kwamba frigo ya damu, yaani friji ya kuhifadhia damu, ilikuwa na hitilafu. Alitoa, na ushahidi nimeubeba.

Katika kliniki yetu, chombo kikiharibika, muuguzi anaandika tiketi kwenye kompyuta, nayo inapata namba. Programu hiyo iko kwenye seva yetu wenyewe, katika chumba changu. Niliiweka mimi miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo haijapoteza hata herufi moja. Andika hivyo, bwana ofisa.

Mnamo Jumatano tarehe 10 Septemba, saa nane mchana, nilijiandaa kuisasisha. Mimi sigusi seva kabla ya kujaribu pembeni. Nilinakili tiketi zote, nikaziweka kwenye kompyuta kuukuu na kufanya jaribio humo, kila hatua nikiiandika kwenye kaye langu, daftari la kazi. Papa Firmin, mkuu wa matengenezo, alipita akacheka: "Weye unaogopa ile mashini sawa vile itakuluma!" Nilimwacha acheke.

Ijumaa tarehe 12 frigo ilizimika, mifuko kumi na moja ya damu ikaharibika. Jumamosi saa moja asubuhi nilinakili tena, kisha nikasasisha seva yenyewe. Saa tatu na nusu kazi ilikwisha. Namba ya tiketi ya mwisho kabla: 1190. Namba ya tiketi ya mwisho baada: 1190. Niliagiza chai, nikainywa nikiitazama ile namba.

Jumatatu tarehe 15, kikaoni, Régine alisema kuhusu Jumanne tarehe 9: "Nilituma mardi asubui, mbele docta afike." Papa Firmin akajibu: "Ao hakutuma, ao mise à jour ya Mama Wivine ndiyo ilikula tiketi. Miye sikuonaka kitu." Mise à jour ni kule kusasisha kwangu; wote walinigeukia. Nilikasirika, sifichi.

Jana Régine alipokamatwa, nilijifungia chumbani. Kwenye seva, namba zinatoka 1183 kwenda 1185. Nakala ya Jumamosi, niliyoichukua kabla ya kusasisha, ni vilevile. Basi nikawasha kompyuta kuukuu. Tiketi 1184 imo: Jumanne tarehe 9, saa moja na dakika hamsini asubuhi, kutoka kwa Régine: "Frigo ya damu iko inapata moto, mukuye mbio." Chini yake kuna jibu la Papa Firmin, saa nne: "Nimeona. Tutapita."

Tiketi hiyo ilifutwa kati ya Jumatano saa nane na Jumamosi saa moja. Nani aliifuta, mtauliza ninyi. Wenye ruhusa ya kufuta tuko wawili, mimi na Papa Firmin. Mimi niko hapa.

Nakabidhi kompyuta kuukuu pamoja na nakala ya Jumamosi. Kaye langu mnaweza kulisoma, lakini narudi nalo nyumbani. Niliyoyasema nimeyaona na kuyafanya kwa mikono yangu.

Sahihi: Wivine Afoyorwoth

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya na ameyakubali. Firmin ameitwa. Régine ametolewa saa saba na dakika tano. Shahidi alikataa kusaini kabla hajanakili maelezo yote kwenye kaye lake. Tulimngoja, mimi na Régine.

Blanchard Byaruhanga, OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi)