Karatasi ya Mzee Ambakisye

Tata, baba yangu uliyelala kule Ngonga,

Kunakili nota kunanitia kinyaa. Nakuambia waziwazi, maana ulipokuwa hai nilikuitikia "sawa, Tata" huku nimebinua mdomo. Kutunga wimbo ni raha, hata mimi natunga. Lakini kuandika do, mi, so zile zile mara ishirini na nne, karatasi moja kwa kila mwanakwaya, kwa joto hili la Kyela, jasho likidondoka na wino ukisambaa, hapana kwa kweli. Nikifika ya kumi nauchukia wimbo wenyewe, na aliyeutunga pia.

Unakumbuka tulivyokaa barazani, mpunga umeanikwa mbele yetu, mkono mmoja naandika na mwingine nafukuza kuku? Kila karatasi uliiwekea alama za kuvuta pumzi za mwenye karatasi, kwa kuwa mama Neema ana pumu na Asajile huishiwa pumzi haraka. Mwishoni ulisema, "Ya Ambakisye niachie mimi." Mzee Ambakisye, kiongozi wa besi wako, hawezi kusoma hata jina lake. Nilikucheka kimoyomoyo: karatasi ya nini kwa mtu asiyesoma?

Basi ulipofariki wakanikabidhi kwaya, nami nikatafuta njia ya mkato. Niliandika karatasi moja tu, nikaenda steshenari mjini nikatoa kopi. Mzee sikumtolea. Jumapili ya Pasaka akasimama mikono mitupu, akapotea mstari wa pili, na besi wote wakapotea naye. Wimbo wako wa mwisho, Tata, ule ulioanza kutufundisha kabla hujaugua, uliharibika mbele ya kanisa zima. Nilijichukia.

Jumatatu nikaenda kumwomba radhi. Akatoa karatasi yako kuukuu ya wimbo wa zamani kutoka kwenye Biblia ya marehemu mkewe. Haikuwa na nota hata moja. Ulimchorea mstari, unapanda sauti inapopanda, unashuka inaposhuka, na vinukta mahali pa kuvuta pumzi. Miaka yote ile tulikaa baraza moja, na sikuwahi hata kuchungulia.

Sasa naandika zote upya kwa mkono, tuuimbe ule wimbo wako wa mwisho siku ya kumbukumbu yako. Usidhani nimeanza kupenda. Kichefuchefu ni kile kile na kuku ni wale wale, naandika hivyo hivyo. Ya mzee niliichora mwisho, nikafuta mara nne, jana nikampelekea. Akapitisha kidole taratibu huku akiimba, akafika katikati, akasimamisha kidole.

"Ndaga, asante mwanangu," akasema. "Ila hapa umekosea. Baba yako alishuka."

Nikauimba mwenyewe njia nzima ya kurudi. Ni kweli, ulishuka.

Niko barazani, nachora tena.

Ni mimi binti yako, mkono umejaa wino.